Panya wa Mwitu na Makabila Yao

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mnyama ambaye hapana mtu asiyemjua, wala hapana mtu ampendaye, naye ni panya. Mkulima humlaani shambani, mama humlaani jikoni, na mwenye duka humlaani ghalani. Lakini ukimwuliza mkulima, "Ni panya gani aliyezifukua mbegu zako?" mara nyingi atakujibu, "Panya ni panya." Jibu hilo ndilo tutakalolichungua leo, maana si kweli, na wako watu waliopoteza mavuno, na wengine waliopoteza roho zao, kwa sababu ya kutojua tofauti za panya.

Alama ya meno

Kwanza yafaa tujue panya ni wa kundi gani. Wenye elimu ya wanyama huwaweka pamoja wanyama wote wagugunao, na kundi lao huitwa Rodentia. Alama yao kubwa ni meno ya mbele: mawili juu na mawili chini, marefu, yaliyopindika, wala hayaachi kukua maisha yote ya mnyama. Upande wa mbele wa jino ni mgumu sana, na mara nyingi una rangi ya manjano au ya machungwa. Upande wa nyuma ni laini zaidi. Kwa hiyo jino likisuguana na mwenziwe hulika upesi nyuma kuliko mbele, nalo hubaki na makali kama patasi. Panya agugunapo mlango wako hana uadui nawe. Asipoguguna, meno yake yatarefuka hata ashindwe kula.

Nyuma ya meno hayo ya mbele pana nafasi tupu, kisha huja magego. Kila mnyama wa kabila hili ana meno ya namna hiyo. Ndiyo sababu nungunungu, kindi, ndezi na fuko wote ni ndugu za panya, ingawa sura zao ni mbalimbali. Lakini sungura hayumo. Zamani wataalamu walimweka pamoja nao, maana naye huguguna. Kisha wakamtenga, kwa kuwa nyuma ya meno yake makubwa mawili ya juu yako mengine mawili madogo yaliyojificha. Hivyo sungura, mjanja wa hadithi zetu, aliwadanganya hata wataalamu kwa muda mrefu.

Katika wanyama wote wanyonyeshao, ambao spishi zao ni kama 6,500, hao wagugunao wamepita 2,500, yaani karibu 40 katika kila 100. Tena katika hao, ukoo ulio mkubwa kuliko koo zote ni ule wa panya wenyewe, uitwao Muridae, wenye spishi zaidi ya 800. Hapana ukoo mwingine wa wanyama wanyonyeshao wenye watu wengi namna hiyo, kama twaweza kuwaita watu.

Kila panya na majina yake mawili

Mwaka 1758 bwana mmoja wa Sweden, Carl Linnaeus, alipiga chapa kitabu chake cha kuwapanga wanyama wote waliojulikana kwake. Kila mnyama alipewa majina mawili ya Kilatini: la kwanza ni la jenasi, la pili ni la spishi. Panya mdogo wa nyumbani alimwita Mus musculus, na jina hilo latumika hata leo.

Ili tuelewe mpango huu, na tufikiri jinsi mtu wa kwetu anavyojieleza akiwa ugenini. Atataja nyumba yao, kisha mlango wao, kisha ukoo, na mwisho kabila. Wanyama nao hupangwa hivyo. Spishi ni kama nyumba moja, watu wake huoana na kuzaa watoto wenye kuzaa. Nyumba kadha wa kadha zilizo karibu ni mlango mmoja, nao ndio jenasi. Milango mingi hufanya ukoo, yaani familia, na koo nyingi hufanya kabila, ambalo wataalamu huliita oda.

Lakini Linnaeus alikuwa na macho yake tu na vitu vichache vilivyoletwa mezani kwake. Katika mlango mmoja wa Mus aliwatia wanyama ambao leo hatuwezi kuwaweka pamoja hata kidogo: panya mweusi wa nyumbani, panya mdogo, wanyama wanene wa milima ya Ulaya walalao usingizi miezi yote ya baridi, yule mnyama wa Amerika ya Kusini afugwaye siku hizi kwa jina la simbilisi, na hata kindi mmoja mwenye ngozi ya kuelea hewani. Waliomfuata waliendelea kuitengeneza kazi hiyo kwa miaka zaidi ya 250, wakiwahamisha wanyama toka mlango huu kwenda mlango ule, nao hawajamaliza. Huko kuhamisha si upuuzi, kama mtakavyoona.

Mkiona jina la mnyama lililomalizika kwa "mys", mjue ya kuwa hilo ni neno la Kiyunani, maana yake panya. Majina mengi tutakayoyataja yana neno hilo ndani yake.

Panya wa mashambani

Tuanze na yule ambaye wakulima wa Tanzania na nchi jirani wamjua kwa hasara. Jina lake ni Mastomys natalensis, na wengi humwita panya shamba. Rangi yake ni ya kijivu iliyochanganyika na udongo, mkia wake walingana na mwili wake kwa urefu, na kwa sura hana ajabu yo yote. Ajabu yake i tumboni mwa jike. Panya wengi wana chuchu chache, lakini jike huyu aweza kuwa na chuchu 24, jozi 12, nazo zimepangwa safu mbili. Ndiyo maana ya jina lake, kwa kuwa "mastos" kwa Kiyunani ni titi. Huchukua mimba siku kama 23 tu, na kwa kawaida huzaa watoto 10 au zaidi kwa mara moja.

Panya huyu hukaa katika mashimo shambani na kandokando yake. Mkulima apandapo mahindi, yeye huja usiku akazifuata mbegu katika mashimo ya jembe, moja baada ya moja, akazifukua. Na zile zilizokwisha chipuka huzikata. Makadirio ya wataalamu ni kwamba katika Tanzania panya huharibu kila mwaka kiasi cha 15 katika kila 100 ya mahindi, na katika mwaka wa wingi wao mkulima aweza kulazimika kupanda tena shamba zima.

Kwa nini mwaka mmoja huwa wengi kupita kiasi, na mwaka mwingine hawaonekani? Zamani watu walinena mengi juu ya jambo hili. Lakini uchunguzi uliofanywa Morogoro kwa miaka mingi ulionyesha ya kuwa ufunguo ni mvua. Mvua za vuli zikinyesha kwa wingi, majani na mbegu za mwitu hutokea mapema, na panya huanza kuzaa mapema. Watoto wa uzazi wa kwanza huwahi kukua na kuzaa wao wenyewe katika msimu ule ule. Hapo vizazi viwili hukutana, na panya katika hekta moja wakawa mamia. Vuli ikiwa haba, uzazi huo wa mapema haupo. Habari hii ilitangazwa na wataalamu mwaka 1996, nayo ni ya faida, maana mkulima mwenye kuitazama vuli aweza kujitayarisha kabla adui hajafika.

Panya wa nyasi, wa miti na wa milima

Si kila panya uonaye shambani ni huyo. Ukimwona panya mchana, akikimbia katika njia ndogo alizozikata ndani ya nyasi, huenda huyo ni Arvicanthis, mwenye manyoya ya madoadoa ya manjano na meusi kama nyasi kavu. Tofauti na wenzake wengi, huyu hutembea mchana.

Wengine wa nyasi wamevaa milia. Jenasi yao ni Lemniscomys, yaani panya wa tepe. Wako wenye mlia mmoja mweusi tu katikati ya mgongo, wako wenye milia mingi, na wako ambao milia yao imekatika vipande hata ikawa kama shanga zilizotungwa. Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania yuko mwingine mwenye milia minne, naye ni Rhabdomys. Watoto wa shule, mkimwona panya mwenye milia, hesabuni milia yake, na hapo mtakuwa mmekwisha anza elimu ya kupambanua.

Yuko pia mdogo kuliko wote, Mus minutoides na jamaa zake. Mtu mzima wao hupata gramu 12 kwa shida, na wengi hawafiki hapo. Watu humdhani mtoto wa panya mwingine, kumbe ni mzee mwenye wajukuu. Huyu ni wa mlango mmoja na panya mdogo wa nyumbani, lakini ni mwenyeji wa Afrika tangu zamani.

Tukiinua macho juu mitini, twamkuta Grammomys, mwenye mkia mrefu kupita mwili wake, ajengaye kiota cha majani katika matawi. Na katika mabua ya nyasi ndefu hupanda Dendromus, ambaye mkia wake hushika bua kama kidole cha tano. Yuko na mwingine wa mitini mwenye mkia wa manyoya mengi kama wa kindi, naye ni Graphiurus. Huyu wa mwisho, ingawa kila mtu humwita panya, si wa ukoo wa panya kabisa. Ukoo wake ni mwingine, ulioenea Afrika, Ulaya na Asia.

Milimani, penye baridi na unyevu, yuko Lophuromys, mwenye manyoya magumu kama ya burashi na tumbo la rangi ya machungwa. Chakula chake kikubwa ni wadudu, hasa siafu na chungu. Mkulima amwuaye huyu amwua mtu asiyemwibia. Na penye mabwawa na majani mabichi ya milimani hukaa Otomys, mnene, mwenye masikio mapana. Yeye hula majani, na meno yake ya mbele yana mifuo kama iliyochorwa kwa msumari.

Panya mwenye miiba

Katika nchi kavu zenye mawe yuko panya ambaye manyoya ya mgongo wake yamekuwa miiba. Jina lake ni Acomys. Habari zake ni mbili, na zote mbili za kustaajabisha.

Ya kwanza ni ya ukoo wake. Zamani wataalamu walitazama magego yake, wakaona yafanana sana na ya panya wa kawaida, wakamweka pamoja nao. Lakini mwishoni mwa karne ya 20, walipopata njia ya kusoma maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya chembe za mwili, waliona ya kuwa Acomys yu karibu zaidi na panya wa jangwani wenye miguu mirefu ya nyuma kuliko panya wa nyumbani. Tena ndugu yake wa karibu ni yule Lophuromys wa milimani tuliyemtaja, ingawa mmoja hukaa penye jua na mmoja penye ukungu. Meno yalikuwa yamefanana kwa sababu ya kula vyakula vya namna moja, si kwa sababu ya udugu. Hivyo wataalamu walijifunza jambo ambalo wazee wetu walilijua siku nyingi, ya kwamba kufanana si kuzaliwa pamoja.

Ya pili ni ya ngozi yake. Akikamatwa na adui, ngozi yake huchanika upesi, naye hukimbia akiacha kipande kinywani mwa adui. Mwaka 2012 wataalamu waliofanya kazi katika Kenya walitangaza ya kuwa ngozi hiyo huota tena, si kwa kovu kama letu, bali ngozi kamili yenye manyoya yake. Tundu likitobolewa sikioni mwake huziba kwa nyama mpya. Wanyama wanyonyeshao wengi hawawezi jambo hilo. Tangu hapo waganga wa nchi nyingi wamemchunguza panya huyu wa mawe, wakitumaini kujifunza kwake jinsi ya kuponya majeraha ya moto na makovu ya binadamu. Kama watu wangaliendelea kusema, "Panya ni panya," nani angalimtazama?

Wageni waliokuja kwa majahazi

Sasa tuje nyumbani. Yule panya mkubwa akimbiaye darini usiku, mwenye mkia mrefu kuliko mwili na masikio makubwa, ni Rattus rattus. Huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo karibu, naye alikuja pwani yetu ndani ya vyombo vya biashara, katika mizigo ya nafaka na vitambaa. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu katika mabaki ya mji wa zamani, na yaonyesha ya kuwa alikwisha fika zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Pepo za kaskazi zilizoleta wafanyabiashara zilimleta na yeye, bila nauli.

Ndugu yake, Rattus norvegicus, ni mnene zaidi, na mkia wake ni mfupi kuliko mwili. Hupenda bandari na mifereji ya maji machafu ya miji, wala hapandi juu kwa urahisi kama mwenzake. Na Mus musculus, panya mdogo wa nyumbani, naye ni mgeni. Wageni hawa watatu wameizunguka dunia pamoja na binadamu, maana chakula chao ni akiba yetu.

Wadhaniwao kuwa panya

Wako wengine ambao watu huwaita panya, nao si panya kabisa. Kirukanjia, mwenye pua ndefu na macho madogo, hana meno ya kuguguna. Meno yake ni makali yenye ncha, ya kutafunia wadudu. Kabila lake ni jingine. Na sange, mwenye pua kama mkonga mdogo, yu mbali zaidi: uchunguzi wa urithi waonyesha ya kuwa jamaa zake ni tembo, pimbi na nguva. Mwaka 2008 spishi mpya ya sange ilitangazwa kutoka milima ya Udzungwa, yenye uzito wa gramu 700 hivi, kubwa kuliko masange wote waliojulikana.

Je, panya buku? Huyu huguguna kweli, na uzito wake waweza kupita kilo moja. Lakini ukoo wake si wa panya wa nyumbani. Yeye ni wa ukoo uitwao Nesomyidae, pamoja na yule Dendromus mdogo wa mabua. Mkubwa huyu na mdogo yule ni karibu zaidi kwa damu kuliko buku na panya wa darini. Katika mashavu yake ana mifuko ya kubebea chakula, na pua yake hunusa ajabu. Kule Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Kwa kuwa ni wepesi, hukanyaga juu ya bomu lisilipuke. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020, naye alikufa Januari 2022 baada ya kugundua mabomu zaidi ya 100. Wengine wamezoea kumwandika buku huyu kwa jina la Cricetomys gambianus, ambaye ni wa Afrika ya Magharibi. Buku wa Morogoro ni spishi nyingine, Cricetomys ansorgei.

Wafananao wasio mamoja

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Tumesema ya kuwa kutojua tofauti kumewagharimu watu roho zao. Na tueleze.

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani ya kuwa Mastomys natalensis ni spishi moja iliyoenea Afrika nzima. Katika miaka ya 1970 walianza kutazama chembe za mwili wake kwa hadubini na kuhesabu kromosomu, yaani vile vijiti vidogo vichukuavyo urithi. Kusini mwa Afrika waliona jambo la ajabu: baadhi ya panya walikuwa na kromosomu 32, na wengine 36, nao hawakuchanganya damu yao, hata walipokamatwa mahali pamoja. Basi walikuwa spishi mbili. Yule wa 32 alibaki na jina lake, na yule wa 36 huitwa Mastomys coucha. Ukiwaweka mkononi, macho hayawezi kuwapambanua.

Mtu aweza kuuliza, "Kama macho hayawezi kuwapambanua, yanihusu nini?" Jibu ni tauni. Ugonjwa huo huletwa na viroboto watokao kwa panya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Afrika ya Kusini waliwajaribu panya hao wawili, wakaona ya kuwa yule wa kromosomu 36 hushikwa na tauni na kufa upesi, lakini yule wa 32 huistahimili zaidi. Tena sehemu za Afrika ya Kusini zilizopatwa na tauni zilipatana na nchi akaayo yule wa 36. Kabla ya hapo, mtu aliyepima hatari ya tauni kwa kuhesabu panya tu alikuwa akihesabu spishi mbili kama moja, na hesabu yake ilikuwa ya bure.

Lakini yule wa 32 naye ana yake. Mwaka 1969 katika mji wa Lassa, Nijeria, ulitokea ugonjwa wa homa kali ya kutokwa na damu, nao ukaitwa homa ya Lassa. Baadaye iligunduliwa ya kuwa mchukuzi wake mkubwa ni huyu huyu Mastomys natalensis, na kwamba watu huambukizwa kwa mkojo na mavi yake katika chakula na nyumba. Je, sisi wa Afrika ya Mashariki tuogope? Panya wa Morogoro walipochunguzwa, hawakukutwa na virusi vya Lassa, bali na virusi vingine vya jamaa hiyo, vilivyotangazwa mwaka 2009, wala hapana mtu aliyejulikana kuugua kwa sababu yake. Mnaona basi: panya ni mmoja, lakini huku achukua jambo moja na kule jingine. Hekima si kuogopa kila panya wala kudharau kila panya, bali kumjua.

Tauni yenyewe si hadithi ya mbali. Katika wilaya ya Lushoto, kwenye milima ya Usambara, ilizuka mwaka 1980 na kurudi mara kwa mara kwa zaidi ya miaka 20, ikawapata maelfu ya watu.

Jinsi panya anavyotambulikana

Mtaalamu apatapo panya huanza kwa kupima: urefu wa kichwa na kiwiliwili, urefu wa mkia, unyayo wa nyuma, sikio, na uzito. Huandika mahali, tarehe na namna ya nchi alipokamatwa, kwa sababu panya asiye na habari hizo ni kama barua isiyo na anwani. Kisha hutazama rangi, manyoya, idadi ya chuchu, na mifuo ya meno. Fuvu lake husafishwa na magego hutazamwa kwa kioo cha kukuzia, maana vilima vidogo vya juu ya gego hutofautiana toka mlango hata mlango. Na siku hizi kipande kidogo cha nyama huhifadhiwa kwa kusoma urithi.

Kazi hiyo ilianza zamani. Katika jumba la makumbusho la London, Oldfield Thomas, aliyefariki mwaka 1929, aliwapa majina wanyama wanyonyeshao kama 2,000 wa dunia nzima. Mmoja wao ni Beamys hindei wa Taveta, buku mdogo mwenye mifuko ya mashavu. Nayo haijaisha. Mwaka 2005 spishi mpya ya panya wa msituni, Hylomyscus arcimontensis, ilitangazwa kutoka milima ya Tanzania. Jina lake lataja ile safu ya milima ya mashariki iliyopindika kama upinde, ambayo misitu yake imetengana kama visiwa, hata kila mlima waweza kuwa na wenyeji wake wasiopatikana pengine po pote. Msitu ukikatwa wote, wenyeji hao hawana pa kuhamia.

Yatupasayo kufanya

Mwisho, na tuseme ni faida gani mtu wa kijijini aweza kuipata katika elimu hii.

Kwanza, kwa panya wa mashamba, majirani na wapande siku moja au zilizo karibu. Apandaye peke yake huwalisha panya wa kijiji kizima. Kingo za shamba zifyekwe, na baada ya vuli nyingi watu wawe tayari kabla ya kupanda, wasingoje mpaka mbegu zimekwisha liwa. Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Nasi twaongeza ya kuwa mkulima mmoja hawamalizi panya.

Pili, kwa panya wa nyumbani, ghala na lijengwe juu ya nguzo, na kila nguzo ivikwe bati lililokunjwa mfano wa faneli, mdomo wake mpana ukielekea chini, ili mpandaji ashindwe kupita. Chakula kifunikwe, hasa usiku.

Tatu, bundi asiuawe. Watu wengi humwita ndege wa uchuro, kumbe chakula chake ni panya, usiku hata usiku. Amwuaye bundi amwondoa mlinzi asiyedai mshahara.

Nne, panya waliokufa ovyo nyumbani au kijijini pasipo kutiwa sumu wasiguswe kwa mkono mtupu, wala watoto wasiwachezee. Habari zao zipelekwe upesi kwa mganga wa zahanati. Mtu akipatwa na homa kali na uvimbe wa mtoki kwapani, shingoni au kinenani, asingoje. Tauni hupona kwa dawa ikiwahiwa, na huua ikicheleweshwa.

Tano, ninyi wanafunzi, tazameni. Panya mwenye mlia mmoja, panya mwenye milia minne, panya atembeaye mchana, panya wa kiota cha mitini: andikeni mahali mlipomwona na saa mliyomwona, bila kumgusa. Wenye elimu waliowapanga panya hawa kwa milango na koo zao walianza kwa kutazama namna hiyo hiyo. Na mtu akiwaambia tena, "Panya ni panya," mwulizeni kwa adabu, "Mzee, huyo uliyemwona, mkia wake ulikuwa mrefu kuliko mwili, au mfupi?"